Kalamu Nyekundu

Kwenye fomu ya wizara pana kisanduku: Mahali pa somo.
Nikaandika: bahari.
Bahari iliyoganda, lakini fomu haikuuliza.

Siku hiyo mwalimu hakuwa mimi.
Alikuwa Ulaayuk, mpiga deki wa shule,
funguo za madarasa zikimlia kiunoni,
chusa mkononi.

Hakusema "sikilizeni."
Alipiga barafu mara moja, akasogea.
Mara moja, akasogea.
Watoto nyuma yake, unyayo juu ya unyayo,
na mimi mkiani na daftari langu,
wino umeganda kalamuni.

Barafu nyeupe ikajibu: ko.
Ya kijivu ikanyamaza.
Hapo Aglak, aliyepata kwangu sifuri ya hesabu,
akanishika mkanda wa koti
akanirudisha nyuma, bila neno,
kama mtu anavyomwondoa mtoto mekoni.

Chusa likazama pale nilipotaka kukanyaga.
Maji yakapanda, meusi, bila haraka.

Jioni nimekaa na kalamu nyekundu.
Nimeifuta ile sifuri; karatasi imetoboka.
Sijui niandike nini kwenye tundu.