Robo Tu

Pampu ikanguruma saa nane usiku,
sekunde tatu, ikanyamaza.
Hakuna aliyefungua bomba.
Corliss akafumbua jicho moja:
"Imetuita tena."

Nje ni Drayton, Dakota Kaskazini. Baridi ya Oktoba
imekaza tope mpaka likawa mfupa,
na malori ya viazisukari yanapita
kwenda kumwaga kwenye lundo refu kuliko kanisa.
Tulipewa usiku mmoja wa kupumzika.
Tumeutumia kwa magoti.

Zulia limelowa upande wa kitanda,
basi nikainua godoro, nikang'oa mbao,
nikalaani kila kiungo nilichokikuta humo,
na vyote vilikuwa vikavu kama makapi.
Corliss akacheka kicheko chake cha puani.
Maji, akasema, hayalii pale yanapodondokea.
Yanatambaa chini ya bomba, mgongo chini kama mjusi darini,
yanavuka ukuta bila haraka,
halafu yanajitupa kwa jirani asiye na kosa.

Akachukua karatasi ya chooni,
akavivisha viungo vilemba:
cha tangi, cha pampu, cha hita, cha sinki.
Tukakaa sakafuni na tochi, tukitafuna biskuti za chumvi,
tukisubiri nani ataaibika.

Kiwiko nyuma ya choo.
Plastiki ya kijivu, kazi ya yule aliyetuuzia karavani,
Bwana Ostrem, mwenye meno mazuri
na kiapo kwamba haijawahi kuvuja.
Kilemba kimelegea kama ulimi.

Nikafunga maji. Nikapenyeza mkono
mahali palipopimiwa mkono wa mtoto;
kiwiko changu kikakwama juu ya kiwiko chake,
wazee wawili mlango mmoja.
Nikakaza. Kikavuja.
Nikakaza kwa spana, kwa hasira
ya ekari zote za bonde hili,
na nati ikasema tik,
ufa mwembamba kama unywele.

Usiniletee methali ya ufa na ukuta.
Ukuta wenyewe hapa ni kadibodi
iliyochorwa ijifanye mbao.

"Toka," akasema Corliss.
Mikono yake midogo, imepasuka kwa baridi,
kucha zina udongo wa wiki mbili.
Akakata bomba palipo pazima, mkato mnyoofu,
akatia kiwiko cha shaba
alichonipatia Alcide wa karavani ya tatu
kwa pakiti ya sigara na soksi ambazo sikuzivaa.
Akalainisha mpira kwa mate.
Akakaza kwa vidole mpaka kikakataa,
halafu robo.
Robo tu.

"Kikikataa, kimeshashika," akasema.
"Kukataa si ugomvi."

Sikuuliza anazungumza na nani.
Miaka kumi na tisa nimekaza vitu:
bajeti, taya, kifuniko cha mtungi wa asali
ambao mpaka leo haujafunguka.

Tukarudisha maji. Pampu ikashiba, ikatulia.
Nikalala na koti, nikausikiliza ukimya
kama mtu anayemdai.
Saa tisa, kimya.
Saa tisa u nusu, lori, kimya.
Saa kumi kasoro, ikanguruma.
Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye kabati,
nikatafuta spana gizani.

Ni Corliss, miguu peku juu ya zulia bichi,
anajaza birika.