Bila Spika

Mgeni aliniachia kijikompyuta cha kuchezea gemu,
kinene kiganjani kama mkate wa mofa,
kimeundwa mia tano tu, alisema, dunia nzima,
na hiki kimoja kimekunywa maji ya Shela.
"Nitakirudia Alhamisi."

Nilimuuliza bei. Akaitaja kwa dola.
Nikaigeuza shilingi, kisha nikaigeuza punda:
punda wawili, matandiko yao,
na pumba za mwaka mzima.

Twalibu, mwana wa dada yangu,
amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa,
mato hayabanduki kwenye ubao ule wa kijani.
"Mjomba, hakinunuliki hiki.
Lakini chaundika?"

Nyuma ya kalenda ya duka la saruji
tukaanza kuandika, na kila tulichoandika
tulikifuta kwanza nusu.

Skrini ni ya simu iliyokanyagwa mtaani Langoni,
ina ufa mmoja, kulia, kama unywele kwenye wali.
Basi gemu lote litakaa kushoto.
Vitufe ni mpira wa rimoti ya marehemu nyanya;
tano yake bado yasomeka,
ndiyo aliyoibonyeza zaidi.
Ubongo tuliuagiza Nairobi, ule mdogo kabisa,
ukavuka kutoka Mokowe
katikati ya trei za mayai,
na mayai ndiyo yaliyoulizwa hali.

Ganda la plastiki lilitushinda bei.
Famau mchonga milango akatupa vipande vya bambakofi.
"Mlango wa nani huu, mdogo hivi?"
"Wa kidole gumba."
Hakucheka. Akatia maua ukingoni, bila kuombwa,
na maua yakala milimita mbili
tulizokuwa tumezipigania usiku kucha.
Nani atamwambia Famau ayafute?

"Rahisi ghali," dada yangu alisema, amesimama mlangoni,
na siku ya tisa akawa mkweli:
hewa ya chumvi ilipenya,
shaba ikaota ukungu wa kijani,
kikafa mkononi mwa mtoto katikati ya mchezo.
Ni yeye pia aliyerudi na chupa ya rangi ya kucha.
Nikapaka kila kiungo, kila tone la lehemu.
Sasa ndani ya bambakofi kuna wekundu
kama wa bibi harusi, na hakuna auonaye.

Ikabaki spika.
Mia na themanini, na chipu yake juu.
Hesabu ilikuwa imeshavuka elfu nne.
Nikapiga mstari.
Twalibu aliutazama mstari ule kitambo,
akasonya kidogo, akaenda kulala.

Gemu alilitunga mwenyewe: punda,
mawe ya matumbawe mgongoni,
vichochoro vinavyozidi kubana,
mfereji wa kuruka, mkokoteni wa kukwepa.
Asubuhi nilimsikia kabla sijamwona.
Ko-ko, ko-ko, ulimi ukigonga kaakaa.
Jiwe likianguka: *tuu*.
Wenziwe wakamzunguka, kila mmoja na kazi yake;
mwenye pengo akapewa mfereji,
kwa kuwa yeye *fsss* humtoka bila shida.
Mmoja alikuwa mkokoteni tu, tangu mwanzo hadi mwisho,
na aliuchukulia kwa uzito mkubwa.

Alhamisi mgeni akaja. Chake kimepona, chaimba vizuri,
ngoma, filimbi, kila kitu.
Akasikia makelele nje, akapunguza sauti yake,
akapunguza tena, akazima.
"Spika gani hiyo?"
Sikujua nimjibu vipi kwa lugha yake.
Nikamwonyesha kalenda, mahali palipopigwa mstari.

Alipoondoka nikafungua ukurasa mwingine.
*Toleo la pili. Spika: acha vilevile.*
*Betri: dakika arobaini na sita.*
Hapo ndipo kazi ilipo.
Watoto wanachoka baada ya saa mbili.