Nyota Kando ya Namba

Changawa ameletwa na wenzake wa mashamba ya chumvi, Gongoni,
buti zake bado nyeupe,
homa imempanda hadi meno yanagongana,
mapigo mia na kumi na moja kwa dakika.
Nikambandika vibandiko kumi; vitatu vikabanduka kwa jasho.
Nikamfuta kwa leso ya dadake, nikabandika tena.

Mashine ikatapika karatasi yake ya waridi.
Juu, pembeni: mia nne sitini na tatu.
Na nyota kando ya namba.

"Nyota ni nzuri?" akauliza Jumwa, dadake.
Nikasema ngoja.

Dawa ya malaria iko kisahanini, haijamezwa.
Daktari Swabra ana wasiwasi:
moyo unaochelewa kujiweka sawa baada ya pigo
dawa hii huenda ikauchelewesha zaidi,
na kutoka Malindi hadi Mombasa ni saa mbili,
na ambulensi haina mafuta.
"Pima wewe," akaniambia. "Kwa mkono."

Nikatoa bikari niliyoazima kwa mwanangu,
ncha moja penye Q, ya pili penye mkia wa T,
pale mkia unapokaribia kukanyagwa na wimbi la nyuma yake:
viraba vinane na nusu.
Toka pigo hadi pigo, kumi na vitatu na nusu.

Moyo unaokimbia hufupisha kila kitu, hata pumziko lake.
Ndiyo maana tunaurudisha, kwa hesabu, kwenye mwendo wa sitini,
kama kuuliza: na ungetembea, ungechukua muda gani?
Mashine hugawanya kwa kipeuo cha pili.
Hesabu ya zamani, nyepesi, haina ubaya penye sitini;
ukienda mbio inakusingizia,
ukienda pole inakufichia.

Inakufichia. Hilo nilifunzwa na Kaingu,
mlinzi wa usiku wa duka la vigae,
mapigo arobaini na manne, mwaka juzi.
Mia nne arobaini na sita, ilisema mashine, bila nyota,
nami nikaandika SAWA kwa herufi kubwa.
Viraba vyake nilikuja kuvihesabu baadaye, peke yangu,
wino umeshaanza kufifia: kumi na vitatu.
Kwa kipeuo cha tatu, mia nne sitini na tisa.
Walimkuta alfajiri kitini, tochi ingali inawaka.
Hakuna aliyesema ni kwa sababu hiyo.
Hakuna aliyesema siyo.

Sasa nyuma ya faili la Changawa
nagawanya kwa kipeuo cha tatu,
simu ndiyo kikokotoo, chaji asilimia nne:
mia nne kumi na saba na kitu.
Daktari akahesabu upya, midomo ikicheza.
Akatundika maji. Kisha akamsogezea kisahani.

Asubuhi mapigo yameshuka, sabini.
Mashine yasema mia nne ishirini na moja,
mimi nasema mia nne na kumi;
tunasikilizana, karibu.
"Ile nyota imekwenda wapi?" Jumwa anauliza,
anaigeuza karatasi, anatazama nyuma yake.

Nyumbani mwanangu anaidai bikari.
Nimempa shilingi mia akanunue nyingine.