Itakuwa Upepo Tu

Ezron alipokwenda Iyunga kusomea umeme
aliniachia kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni
na gemu moja ndani. "Baba, hili litakusaidia kukesha."
Kama kwamba mimi ni mtu wa kukosa sababu ya kukesha:
mwaka wa kumi na nane huu nalinda mbao Mafinga,
rungu, tochi, koti zito la mtumba,
na ukungu wa Juni unaoingia hadi kwenye soksi.

Basi nikaliwasha.
Mji wa mle haulali wala haukauki.
Mvua inanyesha rangi: pinki, bluu, kijani cha sabuni ya kipande.
Watu wana macho ya kununua,
mikono ya kukopa, wanalipa kila mwezi,
asiyelipa wanakuja kuung'oa.
Hilo halikunishangaza. Pikipiki yangu nayo ilichukuliwa hivyohivyo,
mchana, majirani wakitazama.

Gemu likaniuliza jina. Nikaandika KIKOTI.
Likanipa pointi kumi nizigawe:
nguvu, maneno, mitambo, miguu.
Nikazimwaga zote miguuni.
Najua mlinzi husikia nini kwanza.

Kikoti wa mle ni mwanamke mwembamba,
jicho moja la chuma, hana mgongo unaouma.
Anapita chini ya kamera kama moshi chini ya mlango.
Siri za kampuni anazichomoa ukutani
kama mtu anayetoa kibanzi kidoleni.
Ghorofa la thelathini tuliingilia darini,
kwa kuwa mlinzi hatazami juu.
Hilo sikufundishwa na gemu.
Miaka kumi na minane sijatazama juu.

Nao wale walinzi!
Hatua kumi na mbili, geuka. Hatua kumi na mbili, geuka.
Mmoja anapiga miayo palepale kila mara,
mwingine anajisemea peke yake habari za mshahara.
Ukiangusha kopo husimama, huinua tochi:
"Nani hapo?"
Halafu, baada ya muda wa kumeza mate:
"Itakuwa upepo tu."
Nilicheka hadi chai ikamwagika.

Kisha nikamkaba yule wa miayo,
nikamburuta hadi kivulini, nikamlaza.
Gemu likanipa pointi hamsini.
Nikabaki naitazama kofia yake pale sakafuni.
Huyu naye zamu yake inaisha saa kumi na mbili.
Huyu naye kuna mtu amemwekea ugali kwenye hotpoti.
Tangu usiku ule simgusi mtu. Napita pembeni,
hata kama kuvuka ukumbi mmoja kunanila saa nzima.
Ezron kwenye simu anasema nacheza kizee.

Juzi umeme ukakatika. Betri ikafa, Kikoti akiwa kashika kitasa.
Likabaki giza la kweli, lenye harufu ya utomvu wa misindano.
Nikatoka kuzunguka: hatua kumi na mbili, geuka.
Kwenye rundo la nne, banzi likaanguka.
Nikasimama. Nikainua tochi.
Na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe
nikatazama juu.

Yeboyebo mbili, moja imefungwa waya.
Vifundo vya miguu vilivyopauka kwa baridi.
Na gunia la mabanzi, yaleyale
ambayo bosi huyachoma kila Jumamosi ili uwanja uwe safi.
Mtoto alikuwa ameacha kupumua.
Hakuwa na jicho la chuma. Pointi zake zote
alikuwa ameziweka miguuni.

Nikashusha tochi.
Nikakohoa kidogo, kile kikohozi changu cha alfajiri.
"Itakuwa upepo tu," nikasema kwa sauti,
kwa Kihehe, kisha kwa Kiswahili, asije akakosa kuelewa.
Wala upepo haukuwepo. Hata nailoni iliyofunika mbao haikutikisika.

Nikageuka, nikahesabu kumi na mbili.
Taratibu. Nikaongeza na nyingine sita.