Sumaku ya Fundi Shaame

Fundi Shaame hana haja ya kusikia injini.
Hutoa sumaku mfukoni, ya spika ya redio iliyokufa,
akaitembeza juu ya Pijo ya marehemu baba
polepole, kama daktari juu ya kifua:
hapa imenasa. Hapa imenasa.
Hapa imeanguka.
"Hiki si chuma, mwanangu. Hii ni pati,
na pati ni uongo uliopakwa rangi."

Baba alilificha gari bandani, Bopwe,
mbali na bandari ya Wete,
akidhani chumvi ni mkaazi wa pwani tu,
haina nauli ya kupanda mlima.
Chumvi ilikuja kwa miguu.
Ilikuja na kusi, ilikuja na umande wa alfajiri,
ikalala ndani ya milango
pale maji ya masika yalipokosa pa kutokea,
maana vitundu vya chini vilizibwa na makonyo
ya msimu ule tuliopakia karafuu hata kiti cha mbele.
Sakafu halina gari hili. Harufu linayo.

Kila Alkhamisi jioni baba alijilaza chini yake
na brashi ya chokaa na kopo la oili chafu,
akilipaka tumbo, akilisemesha.
Mama alisimama mlangoni:
"Mimi mgongo waniuma mwaka wa tatu,
hata tone la mafuta ya nazi sijaliona."

Zilinunuliwa mbili, siku moja,
rangi moja ya maziwa yaliyodondokewa chai.
Ya pili aliichukua ami Mbarouk,
akaenda nayo Dodoma, kazi ya reli.
Akaandika: *Huku chuma hakizeeki.*
Baba aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja,
hakuijibu mpaka mvua za mchoo zikapita.

Nimekwenda kuiona, Agosti hii.
Nilipiga magoti kwenye changarawe, nikachungulia:
chasisi kavu, nzima. Nikaigonga kwa ufunguo,
ikalia kama kengele ya skuli.
Nikainuka na wivu wangu.
Ndipo nikaona juu.
Dashibodi imepasuka kama lambo lililokauka.
Mipira ya madirisha niliishika, ikawa unga.
Viti vimetatuka, sponji imechungulia nje,
na ile rangi ya maziwa imekuwa ya mfupa.
Jua halikuvunja mlango, halikujificha,
lilikula mchana kweupe, watu wakipita.

Ami alikuwa kibarazani, midomo imechanika.
Hakuuliza habari za mirathi.
"Wete kunanyesha?"
Kunanyesha, ami.
Akafumba macho, kama mtu anayekunywa.

Akanipa milango yote minne.
Niliifunga kwa mablanketi, lori, meli, lori,
Mkoani mpaka Wete nimeikalia mwenyewe.
Fundi Shaame akatoa sumaku:
imenasa, imenasa, imenasa,
alicheka hata kofia ikamdondoka.
Kisha akaukung'uta mmoja, likamwagika vumbi
jekundu, kibaba kizima, vumbi la miaka arobaini.
"Hili lazima litoke lote. Vumbi hunywa maji,
likishiba huozesha."
Litoe, nikasema, nikageuka nisione.

Tulipaka rangi siku tatu zisizo na mvua,
tukiiba jua kama watoto wanaoiba maembe mabichi.
Gari likapita Jadida, watu wakasimama,
mzee mmoja akalipigia saluti, sijui alimwona nani.

Wiki ya pili ya masika,
chini ya bawaba ya mlango wa kushoto,
doa.
Dogo, rangi ya binzari.
Nikaligusa, likaacha alama kidoleni.
Ilikuwa Alkhamisi, nakumbuka, jioni.
Nikatafuta brashi ya chokaa, nikaikuta,
nikapaza sauti: oili chafu iko wapi?

Ndani, mama akakohoa.