Nokia ya Mama Nyamisi

Kaja na mabuti yake ya mpira, magamba ya sangara
yamekaukia visiginoni kama sumni za zamani.
Katoa simu kifuani, ndani ya leso, ndani ya nailoni,
akailaza mezani pangu, hapa Makoroboi,
kama mtu anayemlaza mtoto zahanati.
"Ilidondoka ziwani, pale Mwaloni Kirumba.
Imelala majini toka alfajiri hadi mnada."

Niliifungua. Betri, laini, tope.
Nikaanza kusema, maana fundi akinyamaza
mteja huanza kuhesabu hasara:
Mama, unajua hawa watu walianza na karatasi?

Alinitazama kana kwamba nimesema furu kazaa mbuzi.

Karatasi. Elfu moja mia nane sitini na tano,
huko Ufini, kwenye baridi ya kugandisha mate,
mhandisi mmoja wa migodi, kama hawa wa Geita,
aliacha mawe akajenga kinu
kwenye maporomoko yanayounga ziwa na ziwa.
Akasaga miti ikawa uji, uji ukawa karatasi.
Kinu cha pili kikakaa kando ya mto mwingine,
karibu na mji uitwao Nokia.
Jina ni la mahali tu, mama,
kama kampuni iitwe Igoma.
Baadaye wakauza hata karatasi za chooni.

"Za chooni!" Alicheka hadi muuza vocha akageuka.

Na mabuti.

"Mabuti gani?"

Ya mpira. Kama hayo.
Walikuwa watatu: wa karatasi, wa mpira, wa nyaya.
Mwaka sitini na saba wakawa nyumba moja.

Hapo akanyamaza. Akainua mguu, akageuza soli.
Chapa nyingine kabisa, imefutika nusu.
Bado aliangalia buti, akaangalia simu,
kama anayetafuta pua ya babu
kwenye uso wa mjukuu.

"Mimi nilianza na vitunguu, Buzuruga. Vikaoza.
Nikasuka nywele, vidole vikagoma.
Nikaingia sangara, sangara wakaadimika,
sasa niko na dagaa.
Mbona mimi hakuna aliyeniandikia historia?
Walisema tu sina msimamo."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nasugua bodi
kwa mswaki na spiriti, jino kwa jino.
Baba yangu, mtaa huu huu, alikata makopo ya maziwa,
akayapa utambi, akayaita taa.
Kisha ikaja ile simu yenye tochi kichwani,
iliyouzwa zaidi ya milioni mia mbili duniani,
na moja ikafika mkononi mwake.
Akabonyeza. Ikawaka, haina moshi.
Hakusema neno.
Kesho yake akaanza kutengeneza majiko.

Sikumwambia mama yaliyofuata:
kwamba walikuja kupitwa, wakauza simu kwa Wamarekani,
kwamba siku hizi wanaishi kwa mitambo ya minara
(huu wa Kapripoint sijui kama ni wao).
Habari ya msiba haitolewi
mgonjwa akiwa bado mezani.

Nikarudisha betri. Nikabonyeza.
Giza.
Nikatoa, nikapuliza, nikarudisha.
Kioo kikawaka kijani, kijani cha maji ya mwani,
na mara ujumbe ukaingia:
ti-ti-ti, tii-tii, ti-ti-ti.

Hizo ni herufi, mama. Lugha ya simu za upepo.
Mlio wenyewe unataja jina lake: S, M, S.

Alisoma kwa mkono ulionyooshwa mbali.
"Hapana. Huyu ni Magafu wa Ukerewe. Anataja ada."

Alilipa nusu taslimu, nusu dagaa.
Mabuti yakaondoka yakilia kwik, kwik
kuelekea sokoni.
Nilibaki na dagaa mkononi, bado na mchanga,
wamefungwa kwenye karatasi.