Asilimia Sitini na Moja

Upepo wa Punta Arenas haupigi hodi.
Uliangusha nguzo ya umeme kwenye kona ya mtaa wetu
saa tatu usiku, kompyuta yangu ikiwa katikati ya kuzaliwa upya,
asilimia sitini na moja,
na betri yake imekufa tangu mwaka juzi,
nami kila mwezi nasema nitanunua, nitanunua.

Mpwa wangu Yerko ndiye aliyeniambia kwa simu:
"Shangazi, sakinisha upya mfumo mzima, itakuwa nyepesi."
Nikabonyeza Ndiyo.
Nikaulizwa kama nina hakika. Nikabonyeza Ndiyo tena.
Sikusoma. Nani husoma?

Umeme ulirudi alfajiri.
Kioo cheusi, na mstari mmoja mweupe
unaoniuliza diski iko wapi.
Niulizwe mimi!

Nikavaa koti, nikaikumbatia kompyuta kama mkate wa moto,
mkono mmoja kwenye zile kamba wanazofunga barabarani
ili watu wepesi wasipeperushwe,
mpaka kwa Remigio Barría, fundi wa redio za meli.
Hakunilaumu. Alifungua skrubu sita,
akazipanga ndani ya kifuniko cha chupa ya jamu.
"Tangu hapo umeiwasha mara ngapi?"
Mara nne, nikasema.
Zilikuwa tisa.
"Basi isiguswe. Usiandike kitu juu yake, hata herufi:
kipya hulala palepale alipolala wa zamani.
Kilichochanika ni orodha tu. Kurasa zimo,
ila hazijui tena ni za kitabu gani."

Siku mbili mchana na usiku
mashine yake iliisoma diski yangu sekta kwa sekta,
kama mtu anayechambua dengu kwa taa ndogo,
na mimi nikileta supu ambayo haikuombwa.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakumjua Remigio.
Yalizoleka.
Yalizoleka na mchanga wake.

Maana faili zilirudi bila majina,
elfu kumi na moja na ushei, kila moja na namba mgongoni.
Namba 417: mama yangu Nevenka, paji la uso, macho,
kisha kijivu, kuanzia puani kwenda chini.
Namba 418: risiti ya gesi.
Namba 419: harusi ya dada, keki nzima, bibi harusi nusu.
Namba 420: paka wa jirani, kamili,
hakupungua hata unywele.
Paka yule! Wala sijui nilimpiga picha kwa nini.

Na baadaye sana, namba 9036,
nzima, koma kwa koma,
barua niliyomwandikia Ladislao miaka saba iliyopita,
ambayo sikuituma,
ambayo niliifuta kwa kidole hiki hiki,
nikamwaga na pipa la taka,
nikalala usiku ule nikijiona mtu mpya.
Diski haikuwa na habari ya mtu mpya.
Ilikuwa imenikalia kimya nayo, miaka saba,
chini ya mapishi na kodi ya nyumba.

Remigio aligeukia dirishani.
Fundi mwema ana macho yanayojua kutosoma.
"Na hii," akauliza, "niinakili?"
Upepo ukatikisa bati. Nikahesabu skrubu. Sita.
Ndiyo, nikasema,
na safari hii nilikuwa nimesoma.

Sasa kila jioni naketi kuzipa faili majina.
*Mama, Jumapili, bila mdomo.*
*Dada, upande wa kushoto.*
*Theluji, sijui ya mwaka gani.*
Paka nimemwita Paka.
Nimefika mia sita na kitu, na macho yanauma.
Ile 9036 nimeiacha na namba yake;
sijaifungua tena, wala sijaifuta,
kwa kuwa sasa najua kufuta ni nini.

Betri bado sijanunua.